Siku ya Tatu

Mimi ndiye mtunza sanduku.
Skuli ya wasichana, Ibra, chumba cha tatu kushoto,
chini ya kiyoyozi kinachotemea maji kwenye ndoo.
Ndani mna riboni: waridi za Oktoba,
kijani za mazingira, buluu za maji,
buluu nyingine, iliyokoza, za usonji,
na bango la kasa aliyekatika pezi,
tulilolibeba mwaka ule sisi ambao bahari
tunaifikia kwa saa mbili za lami na milima.

Waraka huja, tarehe imepigiwa mstari.
Nasi huipokea siku kama mgeni wa heshima:
tunaitandikia, tunaifukizia udi,
halua, kahawa, picha tatu na mkuu wa skuli,
na kabla ya adhuhuri tumeshaisindikiza mlangoni.
Marehemu mama, mtu wa Wete, angecheka
kwa Kiswahili chake ambacho siku hizi
nazungumza na paka wangu tu:
mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Sisi hata ya pili hatujawahi kuifika.

Jumatatu ile ilikuwa pili ya Aprili.
Shinuna wa darasa la kumi akamleta mdogo wake,
Hamyar, miaka tisa,
kanzu imenyooka, kofia imenyooka zaidi.
Tulimwambia: karibu, leo ni siku yako.
Tukamkalisha mbele, karibu na spika.
Puto mia na hamsini.
Msichana mmoja akasoma insha juu ya utulivu
kwenye maikrofoni iliyopiga mbinja.
Puto la kwanza likapasuka kwa bahati mbaya,
la pili kwa utundu,
na yaliyofuata, sijui, watoto ni watoto.

Sasidharan, bawabu wetu, ndiye aliyemkuta
nyuma ya ukuta, kwenye falaji,
mkono umezama hadi kiwiko,
anahesabu kitu anachokijua yeye na maji.
Hakumgusa. Alikaa tu hatua kumi mbali
akavua viatu vyake.

Picha ilipigwa vilevile. Ipo ukutani.
Hamyar hayumo.
Tumo sisi, buluu tupu, tunacheka.

Jumatano, mlango ukagongwa.
Nilijiandaa kwa machozi, nikasogeza boksi la tishu.
Shinuna hakulia.
"Mwalimu, riboni zimebaki?"
"Siku imeshapita, binti yangu."
"Ndiyo maana nauliza."

Kisha akaniambia habari za Sita B.
"Yuko mtoto anaitwa Wadha.
Kila kengele ikilia anajiuma mkono.
Nimemhesabia: mara kumi na moja kwa siku.
Na kengele haina siku yake ya kimataifa."

Miaka kumi na minne nimo kwenye ukumbi huo.
Nimemwona Wadha. Nimeiona alama.
Nilidhani ni ya mkanda wa saa.

Sikujua la kusema, nikafungua sanduku.
Akachagua ile iliyokoza, akaipima kwa dhiraa,
dhiraa moja na nusu, akakata.
Sasidharan akaleta ngazi.
Mkuu wa skuli akauliza kama kuna waraka wa jambo hili;
nikasema upo njiani,
Mungu anisamehe.

Juu kule, chuma kimeshika kutu na mavi ya njiwa.
Bawabu akakizungusha riboni kinyundo
polepole, kama mtu anayemfunga mtoto kidonda,
akavuta fundo kwa meno.

Saa nne kasorobo kengele ikajaribu kupiga kelele.
Dufu.
Kama tende iliyoiva kupita kiasi
inapoangukia jamvi.
Walimu wawili walichelewa darasani, wakanilaumu.

Nilisimama dirishani pa Sita B.
Wadha aliinua kichwa, akaitafuta sauti
kwenye dari, kwenye feni, usoni pangu.
Mkono ulikuwa tayari umefika mdomoni.
Ukakaa hapo.
Halafu ukashuka, ukaokota penseli.